Vipokezi vya Seli na Safari ya Nyuzi za Neva ya Jicho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudiwa na wanafunzi wa baiolojia, wauguzi na wazazi kuhusu namna jicho linavyojiunga na ubongo kabla ya mtoto kuzaliwa. Kila jibu linajitegemea, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa msomaji anaelekezwa kwa namba ya swali husika. Maswali ya mwanzo ni ya msingi; ya mwisho yanahusu hali za pekee, yakiwemo magonjwa.

## Mambo ya msingi

1. Nyuzi za neva ya jicho zinatoka wapi na zinakwenda wapi?

Zinatoka kwenye retina, yaani lile tabaka jembamba lililotandazwa nyuma ya jicho. Seli za mwanga zilizomo humo hupeleka habari kwa seli nyingine, na mwisho wa mlolongo huo ni seli za ganglioni. Kila seli ya ganglioni hutoa uzi mmoja mrefu, uitwao aksoni, ambao hutambaa juu ya uso wa retina hadi kwenye tundu lililo nyuma ya jicho na kutoka nje pamoja na wenzake. Fungu hilo ndilo neva ya jicho, na kwa mtu mzima huwa na nyuzi zipatazo milioni moja.

Neva za macho mawili hukutana chini ya ubongo katika njia panda, ambapo baadhi ya nyuzi huvuka kwenda upande wa pili na nyingine hubaki upande wake. Kutoka hapo nyingi huenda kwenye thalamasi, kituo kinachopeleka habari kwenye gamba la ubongo, na nyingine huenda kwenye kolikulo ya juu, inayosaidia macho na kichwa kugeukia kitu kilichotokea ghafla. Kwa samaki, vyura na ndege sehemu inayolingana na kolikulo huitwa tektumu, nayo ndiyo kituo chao kikuu cha kuona. Majaribio mengi yanayotajwa hapa chini yalifanywa huko.

2. Je, vipokezi vinavyozungumziwa hapa ndivyo vinavyopokea mwanga?

Hapana, na mchanganyiko huu huwapoteza wengi. Seli za mwanga huitwa wakati mwingine vipokezi vya mwanga, lakini hizo ni seli nzima. Vipokezi tunavyovizungumzia ni protini zilizopenya utando wa seli, sehemu moja ikiwa nje na nyingine ndani. Sehemu ya nje hushikamana na molekuli maalumu iliyoko kwenye mazingira au juu ya seli jirani, na mshikamano huo huamsha sehemu ya ndani, ambayo hubadilisha mwenendo wa seli. Vipokezi hivi hufanya kazi yake wakati jicho la kijusi bado lipo gizani na halijaona chochote.

3. Uzi unajuaje njia, ilhali hauna macho wala ubongo wake wenyewe?

Kila uzi unaokua una ncha iliyotanuka kama kiganja, yenye vidole vyembamba vinavyonyooshwa na kurudishwa bila kutulia. Ncha hiyo ya ukuaji ilielezwa kwa mara ya kwanza na Santiago Ramón y Cajal wa Hispania mwaka 1890, alipokuwa akichunguza uti wa mgongo wa viinitete vya kuku. Yeye alikuwa na vipande vilivyokufa na kutiwa rangi tu, lakini alitambua kwamba kile anachokitazama ni kitu kilichonaswa katikati ya mwendo, na kwamba huenda kinaongozwa na kemikali. Mwaka 1907 Ross Harrison, akiwa Marekani, alikuza tishu ya kiinitete cha chura ndani ya tone la limfu na kuziona nyuzi hai zikirefuka mbele ya hadubini yake.

Ukiitazama ncha hiyo katika kiluwiluwi hai, utaona kidole kimoja kikigusa seli ya jirani na kutulia, kingine kikigusa mahali pengine na kusinyaa mara moja. Kile kilichoshika hujazwa, na ncha nzima husogea upande huo. Vipokezi vimesambaa juu ya vidole hivyo, kwa hiyo uamuzi hufanyika palepale. Mwaka 1987 William Harris, Christine Holt na Friedrich Bonhoeffer walionyesha jambo hili kwa namna ambayo mimi bado naiona kuwa ya ajabu: katika viinitete vya chura aina ya Xenopus walizitenga nyuzi na seli zilizozizaa, na nyuzi zile zisizo na seli ziliendelea kukua kwa saa kadhaa, zikafuata njia sahihi na kuingia kwenye tektumu. Ncha ilibeba yote iliyohitaji, pamoja na uwezo wa kutengeneza baadhi ya protini zake mahali ilipo.

4. Kwa nini jeni zisimpangie tu kila uzi mahali pake?

Kwa sababu hazitoshi. Binadamu ana jeni zinazotengeneza protini zipatazo 20,000, ilhali nyuzi za macho mawili peke yake ni milioni mbili. Haiwezekani kila uzi uwe na alama yake na kila mahali kwenye ubongo pawe na jina lake. Kinachorithiwa ni kanuni: kipokezi fulani kitengenezwe kwa wingi upande huu na kwa uchache upande ule, na molekuli inayolingana nacho isambazwe vivyo hivyo kwenye ubongo. Kutokana na kanuni chache za namna hiyo hupatikana mpangilio wa mamilioni. Swali la 9 na la 12 yanaeleza jinsi inavyowezekana.

## Vipokezi na molekuli zinazoviamsha

5. Ni familia zipi za vipokezi zinazoongoza nyuzi za macho?

Familia kubwa ni ya Eph, ambayo kwa binadamu ina vipokezi 14 vilivyogawanywa katika makundi mawili, EphA na EphB. Molekuli zinazoviamsha huitwa efrini, nazo ni nane. Efrini-A zimetiwa nanga kwenye utando kwa mkia wa mafuta, na efrini-B hupenya utando hadi ndani ya seli. Kwa kuwa efrini zote zimefungwa kwenye seli, ujumbe wake hupatikana kwa kugusana tu. Uzi haunusi efrini kutoka mbali.

Familia nyingine ni vipokezi vya Robo, vinavyotambua protini ziitwazo Slit na kuufanya uzi ujiepushe nazo. Kipokezi DCC, kinachotambua netrini. Na neuropilini pamoja na pleksini, zinazotambua semaforini. Hizi hutawala hatua mbalimbali za safari ileile. DCC na netrini huhitajika mwanzoni kabisa: kwa panya wasio na mojawapo, nyuzi hufika kwenye tundu la nyuma ya jicho lakini nyingi hushindwa kutoka, na neva huwa nyembamba. Robo na Slit hulinda kingo za njia. Samaki pundamilia wenye hitilafu katika jeni ya robo2 walipewa jina la astray, yaani waliopotea njia, na ndivyo walivyo: nyuzi zao hutangatanga hadi kwenye ubongo wa mbele, na nyingine huishia kwenye jicho la pili.

6. Inawezekanaje molekuli ileile iuvute uzi mmoja na kuufukuza mwingine?

Kwa sababu molekuli yenyewe haina amri ndani yake. Netrini si "njoo" na efrini si "ondoka". Maana yake hutokana na kipokezi kilichopo kwenye ncha, na hali ya ndani ya ncha hiyo kwa wakati huo. Ningependa msomaji ashike jambo hili kuliko jina lolote la protini lililomo humu.

Mfano ulio wazi ulitoka katika maabara ya Christine Holt huko Cambridge mwaka 1999. Nyuzi changa za retina ya chura huvutwa na netrini. Lakini nyuzi hizohizo zikiwekwa juu ya laminini, protini inayotanda juu ya uso wa retina, huikimbia netrini ileile, kwa kuwa laminini hushusha kiwango cha AMP ya mzunguko, molekuli ndogo inayobeba ujumbe ndani ya seli, kwenye ncha. Sasa fikiria uzi unaotambaa juu ya retina yenye laminini na kufika kwenye tundu lenye netrini: ukibaki juu unasukumwa, ukizama ndani ya tundu, mahali pasipo na laminini, unavutwa. Molekuli mbili zinatosha kuugeuza uzi kwa pembe kali na kuuingiza ndani ya neva.

7. Ikiwa kipokezi kinaishika efrini, kwa nini seli zisigandane badala ya kuachana?

Ni swali zuri, maana Eph na efrini hushikana kwa nguvu. Kuachana kunahitaji mshiko huo ukatwe. Kwa efrini-A2, kipokezi kinapoishika, enzaimu iitwayo ADAM10 huikata efrini karibu na utando, na uzi ukawa huru kurudi nyuma. Katika hali nyingine seli moja humeza utando wa mwenzake pamoja na jozi nzima ya kipokezi na efrini. Wakati huohuo sehemu ya ndani ya kipokezi, ambayo ni enzaimu inayobandika fosfeti, huamsha protini kama RhoA, na mifupa laini ya ncha husinyaa. Chini ya hadubini huonekana kama kiganja kinachofumbwa ghafla.

8. Jina Eph lilitoka wapi?

Lilitoka katika utafiti wa saratani. Jeni ya kwanza ya familia hii ilipatikana mwaka 1987 katika seli za saratani ya ini zilizokuwa zikitengeneza homoni ya erithropoietini, na herufi za jina zimetokana na maneno hayo. Uhusiano wake na neva ulijulikana miaka kadhaa baadaye.

## Ramani ya retina ndani ya ubongo

9. Inamaanisha nini kusema kwamba ubongo una ramani ya retina?

Inamaanisha kwamba seli zilizo jirani kwenye retina hupeleka nyuzi zake kwenye sehemu zilizo jirani kwenye ubongo. Nyuzi za upande wa panja wa retina hushika sehemu ya mbele ya tektumu au kolikulo, na nyuzi za upande wa puani hushika sehemu ya nyuma. Bila ujirani huo kuhifadhiwa, taswira ingefika ikiwa imevurugika.

Ramani hii huchorwa kwa miteremko ya viwango. Kwenye retina ya panya EphA ni nyingi upande wa panja na hupungua kuelekea puani. Kwenye kolikulo efrini-A ni chache mbele na huongezeka kuelekea nyuma. Aliyewahi kutembea kutoka ufukweni kuingia baharini atalielewa hili kwa mwili wake: maji ya magoti, maji ya kiuno, maji ya kifua, na kila mtu husimama pale ambapo kina kinamtosha. Uzi wenye EphA nyingi hausitahimili efrini nyingi, kwa hiyo husimama mapema, mbele. Uzi wenye EphA chache huendelea hadi kwenye kina. Mfano huu wa bahari una upungufu mmoja, nao umejibiwa katika swali la 12.

10. Nani aligundua kwamba nyuzi zina alama za kemikali?

Roger Sperry, katika miaka ya 1940, alikata neva za macho za vyura na salamanda, akayageuza macho yao juu chini, kisha akasubiri. Kwa wanyama hao neva hukua tena. Wengi walidhani kwamba nyuzi hukua ovyo, na kwamba mazoezi ndiyo hupanga maana yake. Lakini vyura walipopona, nzi alipoonyeshwa kwa juu waliruka chini, na alipoonyeshwa mbele waliruka nyuma. Hawakujirekebisha kamwe. Nyuzi zilikuwa zimerudi kwenye vituo vyake vya asili, ingawa kurudi huko kulimnyima mnyama chakula chake. Mwaka 1963 Sperry alieleza hoja yake kwa ukamilifu: kila uzi hubeba alama za kemikali zinazoendana na alama za mahali pake, na alama hizo hupangwa kwa miteremko. Nishani ya Nobel aliipata mwaka 1981 kwa kazi nyingine, ya pande mbili za ubongo, lakini wanaochunguza ukuaji wa neva humkumbuka zaidi kwa vyura wale.

11. Kutoka wazo la Sperry hadi kuvipata vipokezi ilichukua muda gani?

Zaidi ya miaka 30, ukihesabu tangu 1963. Kikwazo kilikuwa kupata kipimo. Friedrich Bonhoeffer na wenzake mjini Tübingen, Ujerumani, walikitengeneza mwaka 1987. Walisaga tektumu za viinitete vya kuku, wakatenga utando wa sehemu ya mbele na wa sehemu ya nyuma, wakautandaza katika mistari myembamba inayopishana kama ya kanga ya milia, kisha wakaweka kipande cha retina kikatize mistari hiyo. Nyuzi za upande wa panja zilishika mistari ya mbele tu, zikinyooka kama treni kwenye reli. Nyuzi za upande wa puani zilipita popote.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo halikutarajiwa na wengi. Utando wa nyuma ulipopashwa moto, nyuzi za panja ziliacha kuuogopa. Kumbe hazikuwa zikivutwa mbele. Zilikuwa zikifukuzwa kutoka nyuma. Enzaimu inayokata mkia wa mafuta wa protini nayo iliondoa nguvu hiyo, jambo lililoonyesha ni aina gani ya molekuli inayotafutwa. Mwaka 1995 kundi la Bonhoeffer lilitangaza protini ambayo leo inaitwa efrini-A5, na wakati huohuo John Flanagan na wenzake wa Harvard walionyesha mteremko wa efrini-A2 kwenye tektumu na wa kipokezi EphA3 kwenye retina, ikielekeana kama Sperry alivyotabiri.

12. Je, uzi husoma kiwango halisi cha vipokezi vyake, au hujilinganisha na wenzake?

Hujilinganisha na wenzake, na ushahidi bora ulitoka katika maabara ya Greg Lemke huko California mwaka 2000. Watafiti waliwafanya panya waongeze EphA3 katika takriban nusu ya seli za ganglioni, zile zenye protini ya Islet2, ambazo zimetawanyika kote kwenye retina zikichanganyika na zisizoongezewa. Kila sehemu ya retina ikawa na seli za aina mbili zikiwa bega kwa bega.

Matokeo yalikuwa ramani mbili kamili katika kolikulo moja: nyuzi zilizoongezewa zilijaza nusu ya mbele, na zile za kawaida zilisukumwa zikajibana katika nusu ya nyuma. Tazama vizuri hizi za pili. Hakuna aliyezigusa, vipokezi vyake vilibaki vilevile, na efrini za ubongo zilibaki zilevile, lakini zilihama kwa sababu majirani zake walibadilika. Kama uzi ungekuwa unasoma kiwango halisi, zingebaki mahali pake pa kawaida. Kwa mfano wa bahari, ni kama watu warefu na wafupi wanaoshindania nafasi ileile: anayesimama wapi hutegemea ni nani mwingine aliyeingia majini. Jambo hili linaeleza pia kwa nini samaki dhahabu aliyebakiwa na nusu ya retina huweza, baada ya muda, kuitandaza nusu hiyo kwenye tektumu yote.

13. Je, upande wa juu na wa chini wa retina hupangwa kwa vipokezi hivyohivyo?

Hupangwa na ndugu zake. EphB ni nyingi kwenye retina ya chini, na efrini-B1 ni nyingi karibu na mstari wa kati wa kolikulo, mahali ambapo nyuzi za retina ya chini huishia. Katika mhimili huu mvuto una nafasi kubwa kuliko ufukuzaji. Kwa mamalia kuna jambo la kuongeza: uzi mkuu hupita mbali kupita kiasi, kisha matawi huchipuka ubavuni mwake karibu na mahali sahihi na sehemu iliyozidi hufa. Kwa hiyo vipokezi haviongozi ncha peke yake. Huamua pia tawi lichipuke wapi.

## Kwenye njia panda

14. Kwa nini nyuzi nyingine huvuka na nyingine hubaki upande wake?

Kwa sababu macho mawili yaliyoelekezwa mbele huona eneo moja, na ubongo unahitaji kuikutanisha habari ya sehemu moja kutoka macho yote mawili ili upime umbali. Kwa binadamu nyuzi za upande wa puani wa retina huvuka, nazo ni zaidi kidogo ya nusu. Za upande wa panja hubaki. Kwa panya, ambaye macho yake yako pembeni, hubaki asilimia 3 hadi 5 tu. Kwa ndege karibu zote huvuka.

Katika panya uamuzi huo umefuatiliwa hatua kwa hatua, hasa katika maabara ya Carol Mason, New York. Kwenye mstari wa kati wa njia panda kuna seli za glia, yaani seli saidizi za mfumo wa neva, zilizovaa efrini-B2. Seli za ganglioni za pembe ya chini, upande wa panja, huwa na protini iitwayo Zic2, ambayo huwasha jeni ya kipokezi EphB1. Uzi wenye EphB1 ukigusa zile glia hugeuka na kurudi upande wake. Uzi usio na EphB1 hupita. Kupita nako kuna msaada wake, kwa mfano kipokezi neuropilini-1, kinachouvuta uzi kuelekea mstari wa kati.

15. Je, mnyama anaweza kuanza kuona kwa macho mawili akiwa ameshakua kiasi?

Chura hufanya hivyo. Kiluwiluwi ana macho ya pembeni na nyuzi zake zote huvuka. Homoni ya tezi ya shingo inapompeleka kwenye umbo la chura, macho husogea mbele na juu, na efrini-B2 huanza kutengenezwa kwenye njia panda kwa mara ya kwanza. Nyuzi mpya zenye kipokezi chake huanza kubaki upande wake. Kipokezi na molekuli ni zilezile zinazotumika kwa panya.

16. Ualbino unahusianaje na nyuzi za macho?

Unahusiana moja kwa moja, na kwetu Afrika Mashariki swali hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa kwa Tanzania hutajwa mara nyingi makadirio ya mtu mmoja kwa kila 1,400. Wengi huufikiria ualbino kuwa jambo la ngozi na jua. Lakini kwa mtu mwenye ualbino, nyuzi nyingi za upande wa panja ambazo zingepaswa kubaki huvuka kwenye njia panda. Hali hiyo imeonekana kwa binadamu, panya, na hata paka wa Siam.

Sababu huanzia kwenye tabaka la rangi nyeusi lililo nyuma ya retina. Tabaka hilo likikosa melanini, ratiba ya kuzaliwa kwa seli za ganglioni huvurugika, na seli zinazopata Zic2 huwa chache. Kilichofuata kimeelezwa katika swali la 14: Zic2 ikipungua, EphB1 hupungua, na nyuzi zilizotakiwa kurudi hupita. Katika aina moja ya ualbino, inayoathiri macho pekee, jeni yenye hitilafu, GPR143, ni ya kipokezi kilichomo ndani ya seli za rangi zenyewe.

Kwa mzazi na mwalimu, yafuatayo ni ya kujua. Uoni hafifu wa mtoto mwenye ualbino hutokana kwa kiasi kikubwa na kitovu cha retina ambacho hakikukomaa, na macho kuchezacheza huongeza tatizo. Kuvuka kwa nyuzi huathiri zaidi uwezo wa kukadiria umbali kwa macho mawili. Miwani husaidia pale penye hitilafu ya lenzi, lakini haiwezi kupanga upya nyuzi zilizokwisha kuvuka. Kwa hiyo mtoto anayesogeza daftari hadi puani baada ya kupewa miwani hafanyi ukaidi. Akaliswe mbele, aandikiwe maandishi makubwa, na aruhusiwe kuusogelea ubao.

17. Je, kuna watu wasio na njia panda kabisa?

Wapo wachache waliozaliwa hivyo, na hali hiyohiyo imechunguzwa kwa mbwa wa Ubelgiji wa kuchunga kondoo. Nyuzi zote za kila jicho hubaki upande wake. Huona, lakini macho yao huchezacheza kwa namna ya pekee, moja likipanda huku lingine likishuka.

## Baada ya kufika

18. Je, vipokezi peke yake vinatosha kuikamilisha ramani?

Havitoshi. Vipokezi huuleta uzi mtaani. Nyumba hupatikana kwa mazungumzo ya umeme. Mwaka 1988 Lucia Galli na Lamberto Maffei, nchini Italia, walirekodi seli za retina za vijusi vya panya zikitoa umeme zenyewe, bila mwanga wowote. Mwaka 1991 ilionekana kwamba umeme huo husafiri kama mawimbi juu ya retina. Seli zilizo jirani huwaka pamoja, na nyuzi zinazowaka pamoja huimarisha miunganisho yake mahali pamoja. Panya wasio na sehemu ya kipokezi cha asetilikolini (kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva) kinachoendesha mawimbi hayo huwa na ramani yenye ukungu. Wakikosa mawimbi pamoja na efrini-A, ramani katika mhimili wa panja hadi puani karibu hutoweka.

19. Nyuzi zinazokosea njia huishia wapi?

Nyingi hufa. Neva ya jicho ya kijusi cha binadamu huwa na nyuzi zipatazo milioni 3.7 katika wiki ya 16 hadi ya 17, kisha hupungua hadi kukaribia milioni moja kabla ya kuzaliwa. Kupungua huko ni sehemu ya ujenzi.

## Magonjwa na matibabu

20. Je, kuna magonjwa ya binadamu yanayotokana na hitilafu za vipokezi hivi?

Yapo, ingawa mengi huonekana nje ya neva ya jicho. Hitilafu katika jeni ya DCC husababisha mikono kuigana: mtu akikunja vidole vya kulia, vya kushoto hukunjika pia bila hiari, kwa sababu nyuzi za kuendesha misuli hazikuvuka zilipotakiwa. Hitilafu katika ROBO3 humfanya mtu ashindwe kuyapeleka macho yake kulia na kushoto, na uti wa mgongo hupinda kadiri anavyokua. Hitilafu katika jeni ya efrini-B1, iliyo kwenye kromosomu X, hubadilisha umbo la paji la uso na pua, nayo huwaathiri wasichana kuliko wavulana. Jambo hili hushangaza, kwa kuwa magonjwa mengi ya kromosomu X huwalemea wavulana. Sababu ni kwamba msichana huwa na mchanganyiko wa seli zenye efrini-B1 na zisizo nayo, na makundi hayo mawili hufukuzana.

21. Mama mjamzito afanye nini ili neva za macho ya mtoto zikue vizuri?

Hakuna chakula wala dawa inayoelekeza nyuzi hizi, na anayeuza kitu kwa ahadi hiyo asisikilizwe. Yapo ya kuepuka. Pombe wakati wa ujauzito inahusishwa na neva za macho zilizo nyembamba kuliko kawaida, na rubela katika miezi ya mwanzo hudhuru jicho la kijusi kwa njia nyingine. Chanjo ya rubela hutolewa kabla ya mimba, si wakati wa mimba.

22. Neva ya jicho ikikatika au kuharibiwa na glakoma, vipokezi haviwezi kuiongoza ikue tena?

Kwa samaki na vyura, ndiyo, kama swali la 10 lilivyoonyesha. Kwa mamalia nyuzi za macho hazikui tena zenyewe. Seli ya ganglioni iliyokomaa hupoteza nguvu ya kukua, na mafuta yanayozizunguka nyuzi huwa na protini, kama Nogo, zinazoamsha vipokezi vya kusimamisha ukuaji.

Hata hivyo uwezo haujafutika wote. Mwaka 1987 kundi la Albert Aguayo, huko Montréal, lilipachika kipande cha neva ya mguu kati ya jicho na kolikulo ya panya mkubwa, na baadhi ya nyuzi za retina zilipita ndani yake hadi kufika na kuunda miunganisho. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba kuondoa jeni ya PTEN katika seli za ganglioni za panya huzirudishia nyuzi sehemu ya nguvu ya kukua. Tatizo lililobaki ni la mwongozo: nyingi za nyuzi hizo zilizoamshwa hupinda, hujirudi, au hupotea kwenye njia panda.

Kwa mgonjwa wa glakoma wa leo, matone na upasuaji hushusha shinikizo ili nyuzi zilizobaki zidumu. Zilizokwisha kufa hazirudishwi na matone hayo, ndiyo maana dawa huendelea kutumiwa hata pale mgonjwa asipoona nafuu yoyote.